Kaka yangu alifariki usiku, nikajua saa tatu asubuhi sokoni

BARUA

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 63, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na mkazi wa Muheza mkoani Tanga. Barua hii nimeiandika na kuichana mara tatu, kwa sababu kila nilipoisoma niliona kama nawashtaki watoto wa kaka yangu mbele ya watu wasiowajua, na hilo silo kusudio langu. Ninachotaka ni mtu wa mbali, asiyetujua, aniambie kama nimekosea.

Kaka yangu wa toka nitoke, aliyenitangulia kwa miaka minne na ambaye ndiye aliyenilipia nauli na sare nilipokwenda kusomea ualimu, alifariki dunia jijini Dar es Salaam saa 9 usiku wa kuamkia Alhamisi, siku 26 zilizopita. Alikuwa amelazwa hospitalini kwa siku tano. Jumatatu yake nilizungumza naye kwa simu, akaniambia kwamba anapata nafuu, na akaniagiza machungwa ya Muheza, akisema kwamba anayoletewa huko hayana ladha. Nikapanga kusafiri Jumamosi.

Alhamisi asubuhi nilikwenda sokoni kumchagulia machungwa hayo. Ninayo simu janja ambayo binti yangu alininunulia mwaka juzi, na usiku huwa nazima data ili bando lisimalizwe na picha na video ambazo natumiwa bila kuziomba. Mnamo saa 3:20 nikiwa pale sokoni niliiwasha data ili nimwulize binti yangu jambo, na kidole kikaangukia kwenye stetasi za watu. Ya kwanza ilikuwa ya mke wa mtoto wa kaka yangu. Ilikuwa picha ya kaka akiwa na kanzu na kofia ya siku ya Idi, pembeni kumewekwa mshumaa unaowaka, sisi ambao hatuna desturi ya kuwasha mishumaa msibani, na chini yake maneno haya: "Pumzika kwa amani baba mkwe." Kabla sijaelewa ninachosoma, picha ilijiondoa yenyewe, ikaja ya jirani yangu mmoja anayeuza madera. Muuza machungwa ndiye aliyeniona nikiyumba, akanikalisha juu ya gunia.

Nilipopata nguvu nilifungua kundi la familia, ambalo lina watu 86. Nilikuwa nimelinyamazisha tangu Ramadhani kwa sababu kila siku huja humo maua ya asubuhi njema, dua za kutuma kwa watu kumi, na ubishi wa Simba na Yanga usiokwisha. Nilikuta jumbe 163 ambazo sijazisoma. Tangazo la kifo lilikuwa limewekwa saa 11:12 alfajiri. Chini yake zilifuata pole, kisha ratiba kwamba mazishi ni baada ya sala ya adhuhuri, kisha orodha ya michango, jina langu likiwa namba 9 na mbele yake pameachwa wazi.

Nilipanda basi saa 4 kasorobo. Nilifika Temeke saa 10:30 jioni, wanaume wamekwisha kurudi makaburini na viti vinapangwa upya. Sikumwona kaka yangu. Laiti ningeambiwa alfajiri, ningepanda basi la kwanza na ningefika adhuhuri, na hata kama ningechelewa kidogo, sidhani kama wangekataa kumsogeza hadi alasiri. Nilipomwuliza mtoto wake mkubwa, alinijibu kwa upole, tena macho yamevimba: "Shangazi, tuliweka kwenye kundi alfajiri, tukajua umeona. Ulivyokuwa kimya tukadhani uko njiani."

Nililala usiku mmoja na wifi yangu, ambaye yuko edani, na asubuhi nikarudi Muheza bila kusubiri hitima ya siku ya tatu. Nimejitoa pia kwenye kundi, na huko kujitoa kumezua maneno mengi kuliko kule kutokuwepo kwangu kwenye maziko. Arobaini ni wiki mbili zijazo. Nimesema siendi. Binti yangu ananiambia, "Mama, dunia imebadilika, siku hizi kundi ndiyo mbiu," na ananiona kama ninayegombana na simu.

Niseme na hili pia, kwa kuwa sitaki kuficha. Nilipoamka kuswali alfajiri ile nilikuta simu moja niliyoikosa, ya saa 10:40, kutoka namba nisiyoijua. Simu yangu ilikuwa ikichajiwa sebuleni, sikuisikia. Sikuirudia hiyo namba, kwa sababu mwaka jana nusura nitapeliwe na mtu aliyenipigia usiku akidai kwamba mjukuu wangu amepata ajali na kwamba nitume pesa za matibabu, na tangu siku hiyo namba ngeni sizipigii.

Je, nina haki ya kukasirika, au ni uzee tu? Na arobaini niende au nisiende?

Shangazi, Muheza

JIBU

Shikamoo, mama. Pole sana kwa msiba, na Mwenyezi Mungu amrehemu kaka yako. Natambua kwamba pole hii nayo inakufikia kwa maandishi kutoka kwa mtu asiyekujua, na kwamba pengine umekwisha kuzichoka pole za namna hiyo, lakini ndiyo niliyo nayo.

Nitaanza na majibu ya maswali yako mawili ili nisikuache roho juu. Una haki ya kuumia, haki kamili, na huo si uzee. Arobaini, uende. Ama huyo mtoto wa kaka yako, sikuombi umwondolee lawama, nakuomba umpunguzie, kwa sababu nikiisoma barua yako naona kwamba alibebeshwa kazi ambayo kwa desturi yetu haikuwa yake, na hapakuwa na mtu wa kumtua.

Kwanza tuizungumze ile kauli yake, "tukajua umeona." Alijuaje? Katika WhatsApp, tiki moja ya kijivu ina maana kwamba ujumbe umeondoka kwa mtumaji, tiki mbili za kijivu kwamba umefika kwenye simu ya mpokeaji, na tiki mbili za bluu, ambazo zilianza kuonekana mwaka 2014, kwamba umefunguliwa. Ndani ya kundi masharti ni magumu zaidi, kwa kuwa tiki hazigeuki bluu mpaka kila aliyemo awe ameufungua ujumbe ule. Kwa kundi la watu 86 siwezi kushangaa nikisikia kwamba tangazo la alfajiri ile halijageuka bluu mpaka leo, maana hakosi mmoja ambaye simu yake imeharibika au amehama namba. Hata hivyo aliyelituma angeweza kulibonyeza tangazo lake na kufungua maelezo yake, akaona majina ya waliosoma na majina ya waliofikiwa bila kusoma, na saa 12, saa 1, saa 2 na saa 3 asubuhi jina lako lisingekuwamo miongoni mwa waliosoma. Simu ilikuwa inajua kwamba shangazi hajapata habari. Hakuna aliyeiuliza.

Kwa hiyo binti yako, pamoja na heshima zote, amekosea anaposema kwamba siku hizi kundi ndiyo mbiu. Mbiu hupigwa ili hata aliyelala aamke, na asiyejua ni ya nini atoke nje aulize. Kundi lililonyamazishwa, ndani ya simu iliyozimwa data, halimwamshi mtu. Kilicho karibu na mbiu katika simu zetu ni kile kile cha tangu zamani, yaani simu ya kawaida ya kupigwa, ambayo humlilia mpokeaji hata kama hana bando wala senti moja, na hata kama anatumia kitochi.

Wewe ni mwalimu wa rika la kukumbuka matangazo ya vifo ya Redio Tanzania Dar es Salaam, yale yaliyotufanya sote tunyamaze sebuleni hata kama hatukuwa na mgonjwa popote. Tangazo lile lilikuwa na mpangilio wake. Lilimtaja anayesikitika kutangaza, likamtaja marehemu, mahali na siku ya maziko, kisha likafika kwenye maneno ambayo nadhani ndiyo yaliyobeba uzito wote: "Habari ziwafikie." Baada ya hapo yalisomwa majina, fulani wa Kigoma, fulani wa Lindi, fulani na ndugu wote wa Handeni. Ili kuandika majina hayo, watu wa nyumba ya msiba walilazimika kukaa chini na kuulizana nani anastahili kuijua habari hii na yuko wapi, na hata walipokwisha kulilipia tangazo, wale wa karibu hawakuachiwa redio peke yake. Alitumwa mtu. Palipokuwa mbali ilipelekwa simu ya maandishi kupitia posta, ikisema "Baba mgonjwa sana njoo haraka," na kila mtu mzima alielewa kwamba mgonjwa mwenyewe amekwisha kufariki, lakini mpokeaji aliachiwa safari nzima ya kuizoea habari kabla ya kuikuta mlangoni.

Tofauti kati ya tangazo lile na la kundi lenu si teknolojia peke yake. La redio liliwataja wanaopaswa kufikiwa, wakati la kundi linadhani kwamba kila aliyemo ndani amefikiwa. Na kadiri kundi linavyokuwa kubwa ndivyo kila mmoja anavyozidi kuamini kwamba mwenzake amekwisha kupiga. Sina shaka kwamba asubuhi ile wapo watu kumi au zaidi, baadhi yao wana namba yako, waliojiuliza, "Shangazi wa Muheza ameambiwa?" na wakajijibu, "Lazima wamemwambia." Tangu mwaka 2022 kundi moja linaweza kuchukua watu 1,024. Sijui ni ukoo gani unaoweza kuomboleza watu wote hao wakiwa mahali pamoja bila kumsahau mtu.

Sasa nirudi kwa huyo mwanao. Katika desturi tulizolelewa nazo, za pwani na za bara, mfiwa hakuwa mbeba habari. Aliyefiwa na baba alikalishwa, akashikwa, akaletewa maji, na kazi ya kupeleka taarifa wakaichukua majirani, wakwe, vijana wa mtaani na mzee mmoja mwenye ulimi wa taratibu, ambaye akifika kwa mhusika humsalimia kwanza, humwuliza habari za nyumbani, humwomba aketi, na akiisha kuketi ndipo humweleza. Yule muuza machungwa aliyekukalisha juu ya gunia alifanya nusu ya kazi ya mjumbe bila kuijua habari yenyewe. Nusu ya pili, ile ya kusema, ilikuwa imekwisha kufanywa na picha ambayo haikungoja hata uimalize kuisoma.

Simu janja imeifuta kazi ya mjumbe na kumrudishia mfiwa mwenyewe. Mtazame kijana huyo saa 9 usiku, kwenye korido ya hospitali, baba yake amekata roho sasa hivi, na mkononi ana kifaa kinachoweza kuwafikia watu 86 kwa mkupuo. Zamani hata kama angetaka kuwaambia wote asingeweza, na kutoweza kwake ndiko kulikowafanya wengine wampokee mzigo. Leo anaweza, na kwa kuwa anaweza watu wanamwachia. Tena mimi naamini kwamba hakuandika kwenye kundi kwa uvivu wala kwa dharau. Kuandika "Baba ametutoka" mara moja kunawezekana. Kuyatamka maneno hayo kwa sauti, mara thelathini, kwa watu thelathini ambao kila mmoja atapiga yowe sikioni mwako na kukuuliza ilikuwaje, ni jambo ambalo mtu aliyefiwa saa mbili zilizopita hawezi, na wa mwisho ambaye angetaka kulisikia yowe lake ni shangazi yake, ambaye sauti yake huenda inafanana na ya baba. Tangazo liliwekwa saa 11:12, muda mrefu baada ya kifo. Mimi siwezi kujua alikuwa anafanya nini katika muda huo wote, lakini sidhani kama alikuwa amelala.

Kuhusu stetasi sina maneno mengi. Ni kitu cha mwaka 2017, hufutika chenyewe baada ya saa 24, na anayeiweka hajui itamkuta nani, wapi, akiwa na nini mkononi. Mkwe wenu alikuwa akimlilia baba mkwe wake kwa namna anayoijua. Hakukuandikia wewe. Kosa lake ni la saa tu: aliiweka kabla nyumba haijahakikisha kwamba watu wa damu wamekwisha kuambiwa, na hapakuwa na mtu mzima wa kumzuia.

Nimesema una haki ya kuumia na bado nasema hivyo, lakini umeniuliza kama umekosea, na ukweli wako kuhusu simu ya saa 10:40 unanilazimisha nikujibu kwa ukweli pia. Kulinyamazisha kundi si kosa. Ningelinyamazisha na mimi kwa sababu hizo hizo. Kuzima data usiku nako si kosa. Ila ulifanya yote mawili kimya kimya, kaka yako akiwa amelazwa, na watu 85 waliobaki wakaendelea kuamini kwamba ukiandikiwa humo umeambiwa. Wao walidhani uko sebuleni pamoja nao, kumbe ulikwisha kutoka kwa mlango wa nyuma na kuurudishia taratibu. Sentensi moja kwa mmoja wao ingetosha.

Namba ngeni ya saa 10:40 ndiyo inayonisumbua zaidi katika barua yako yote. Huenda ni tapeli, huenda ni mtu aliyekosea tarakimu. Lakini ilikuja saa moja na dakika arobaini baada ya kifo na nusu saa kabla ya tangazo, na mtu aliye hospitalini usiku simu yake mara nyingi inakuwa imeisha chaji, akaazima ya muuguzi, ya mlinzi au ya dereva wa teksi. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba kabla ya kuandika kwenye kundi kuna mtu wa nyumba ile alijaribu kukupigia, ikaita sebuleni, na alipokosa jibu ujasiri ukamwishia. Kama ndivyo, alikosea kupiga mara moja tu. Sisi tuliozoea kubipu na kubipiwa tunajua kwamba simu iliyokoswa mara moja inaweza kuwa na maana yoyote, kuanzia "nipigie mimi sina salio" hadi "nimefika salama." Simu ya msiba hupigwa mara ya pili na ya tano, na isipopokelewa hutafutwa jirani, au mwenyekiti wa kitongoji, au msikiti wa karibu. Siilaumu hofu yako ya matapeli, ambao wametuharibia hata usiku wetu. Nakuomba tu kwamba kabla hujazungumza na mtu yeyote wa familia kuhusu arobaini, uitafute namba hiyo katika simu yako na uipige mchana kweupe. Atakayepokea mwambie, "Ulinipigia alfajiri ya siku fulani, samahani sikuisikia," halafu unyamaze umsikilize, usitaje jina la mtu wala msiba. Akianza kukuomba pesa, kata. Akisema kwamba simu yake iliazimwa na kijana fulani hospitalini, utakuwa umepata jambo ambalo limekukosa kwa siku 26, nalo ni kwamba hukusahauliwa.

Kisha mpigie mtoto wa kaka yako. Umpigie, usimwandikie, na wala usimtumie ujumbe wa sauti. Ujumbe wa sauti utakuponza, kwa kuwa mtu huusikiliza akiwa peke yake, huurudia palipomchoma, na akiwa na hasira humsikilizisha mwenzake. Anza kwa kumpa pole. Nimeona katika barua yako ulivyomkuta macho yamevimba, nimeona ulivyomwuliza na alivyokujibu, lakini sikuona mahali ulipompa pole ya kufiwa na baba, na bila shaka ni kwa sababu na wewe ulikuwa umefiwa. Ukiisha kumpa pole, mwambie jambo moja tu, bila kulizungusha: "Mwanangu, sikumwona baba yako, na hilo litaniuma mpaka nife. Sikulaumu kwamba uliandika. Nasikitika kwamba hakuna aliyenipigia mpaka nikapokea." Usimtajie mshumaa, wala mkewe, wala orodha ya michango yenye jina lako. Yote hayo ni kweli, na yote yataufunika ule ukweli mmoja unaotaka aukumbuke. Hiyo ya orodha hasa isamehe moyoni mwako, maana michango inayokusanywa kwa simu ndiyo iliyolipa gari, sanda na chakula cha watu, na zamani bahasha kutoka Muheza ingefika baada ya hitima.

Ukienda arobaini, usiende kama mgeni wa saa ya dua na kuondoka. Nenda siku mbili kabla. Wifi yako yuko edani kwa miezi minne na siku kumi, hatoki, na siku ya msiba hakuna aliyemwuliza nani aambiwe na kwa njia gani. Ukae naye, mtu na wifi yake, na mtafute karatasi. Wewe ni shangazi. Katika ukoo wenu kuna mambo ambayo kaka wakubwa wa Dar es Salaam hawawezi kuyasema na wakasikilizwa, wewe ukayasema na yakafuatwa, na hili ni mojawapo. Andikeni majina ya watu ambao likitokea jambo ni lazima waisikie sauti ya mtu: wale wa damu, wazee, wagonjwa wa moyo na presha, na wenye kutumia vitochi. Si wengi, hawatazidi ishirini. Mbele ya kila jina andikeni namba yake na namba ya mtu wa pili aliye karibu naye, kwa mfano jirani yako wa ukuta mmoja. Chini yake andikeni majina ya wapigaji wawili, ambao wasiwe watoto wa marehemu wala mjane, bali mkwe au binamu mwenye kifua cha kubeba habari na mwenye kuweka salio la kawaida siku zote. Sharti liwe kwamba tangazo haliwekwi kwenye kundi, na picha haiwekwi kwenye stetasi, mpaka wapigaji hao waseme kwamba karatasi imekwisha. Kwa watu ishirini na wapigaji wawili, hiyo ni kazi ya dakika arobaini au saa nzima, na tangazo lenu lilikaa kwa zaidi ya saa mbili hata hivyo. Ndugu wanaozika baada ya siku tatu au nne wana nafasi ya kulirekebisha kosa la namna hii. Sisi tunaozika siku ile ile hatuna.

Wapo watakaokwambia kwamba unaleta mambo ya kizamani. Waonyeshe hiyo karatasi na uwaulize jina lipi lifutwe.

Kwa upande wako, simu ilale chumbani kwako, isilale sebuleni, ikiwa na mlio wa sauti ya juu. Data endelea kuizima. Namba za watoto wote wa kaka yako, na za wapigaji wawili watakaoteuliwa, mwombe binti yako azihifadhi kwa majina, ili usiku zikiingia usomewe jina na usione tarakimu tupu. Na kwenye kundi, mama, omba urudishwe, hata kama utalinyamazisha tena siku hiyo hiyo. Ukisharudi andika sentensi moja na uiache hapo, usijibu watakaochokoza: "Wanangu nimerudi, lakini humu sisomi kila siku, likitokea jambo nipigieni, na nisipopokea mpigieni jirani yangu, namba yake wanayo wapigaji."